Fundi Anayenusa Kanda

Fundi wa video pale Voi hana maneno mengi. Kila kanda huinusa kwanza. Mwaka wa elfu mbili na nane nilimpeleka kwake Mama Nicholas, mjane wa Sagalla, kanda ya harusi yake ihamishiwe kwenye kompyuta, maana hakuwa na picha nyingine ya marehemu. Uso wa bwana harusi ukatokea umepinda kama moshi. "Kompyuta mbovu hiyo," nikasema, mimi bingwa wa mitambo. Fundi akainusa kanda tena. "Mama, uliianika juani?" "Iliota ukungu, mwanangu, nikaianika pamoja na kunde." Nikacheka peke yangu. Akaizungusha mbele na nyuma, akasafisha mashine kwa spiriti, akatekenya kitufe hadi uso ukatulia. Mama Nicholas akausogelea uso ule kwenye skrini. Fundi akageuza kiti chake kikatazama ukuta, akanivuta shati nigeuke na mimi.