Surua Ndani, Wifi Mlangoni

"Wifi, nimepanda boti tangu Mwamgongo kuja kumwona mgonjwa, halafu unanizibia mlango?"

"Nakuzibia kwa ajili ya huyo uliyembeba."

Mama alikuwa ameshika miimo yote miwili ya mlango. Mgongoni mwa shangazi alilala mtoto wa miezi mitano, ambaye bado hajafikia umri wa chanjo ya surua. Ndani, mdogo wangu alikuwa na surua hiyo hiyo, macho mekundu, vipele hadi miguuni.

"Tangu lini mgonjwa akanyimwa wageni? Kwani mimi hapa Ujiji ni mpita njia?"

Mama hakushusha mikono. Mimi niliyeishia kidato cha pili nilisimama nyuma yake nikiomba kichanga kisiamke, kana kwamba surua huwapata walio macho tu.

Tunafundishwa kunawa mikono na kuchemsha maji. Namna ya kumzuia wifi yako mlangoni, sijaona bango linaloieleza.

Mwishowe shangazi aliuweka mfuko wa samaki aina ya migebuka kizingitini, akarudi nyuma hatua tatu, akasema, "Mpikieni mgonjwa supu. Huko nyumbani nitasema niliingia, nikala, nikashiba."