Shamba la Wanyama Chini ya Ngazi

Maurice Wanyama ameuza mbolea karibu nusu ya maisha yake na hajawahi kupanda hata sukuma wiki. Msicheke. Ni karani wa duka la pembejeo hapo Eldoret mjini, na mvua ikikaribia wakulima hupanga foleni mbele ya dirisha lake. Yeye huwauliza kwa sauti ya mtu anayejua: "Mzee, ekari ngapi mwaka huu?" Wanamjibu. Halafu kuna wale wenye adabu, ambao nao wanamrudishia: "Na wewe karani, umelima wapi?" Hapo Wanyama huanza kutafuta kalamu, na kalamu iko sikioni mwake.

Hana shamba. Kule kwao Kimilili baba yake aligawia wana wengi kipande kidogo, na kilichomfikia yeye ni cha kuzikwa, si cha kulima. Anakaa nyumba ya kupanga mtaani Kapsoya, ile ya chini kabisa, yenye kistoo chini ya ngazi. Watu wengi Eldoret wanaishi hivyo na wanalala usingizi mzuri. Shida ya Wanyama ni kwamba alioa Ainabkoi, kwa watu wa mashamba.

Mkewe, Naomi Chelimo, ni mwalimu wa shule ya msingi, na ni binti ya Mzee Kipyego, mwenye ngano, mahindi na ng'ombe wa maziwa ambao anawaita kwa majina. Mzee alipoambiwa kuna kijana Mbukusu anataka kuoa pale, aliuliza swali moja tu: "Shamba lake liko wapi?" Sebule ilikuwa imejaa wajomba na shangazi. Naomi hakuinamisha kichwa. Alisema, "Baba, shamba hana. Lakini huyu mtu hajui kudanganya." Mzee akasema hayo yanatosha, na chai ikaletwa.

Basi tangu siku hiyo, kila wakienda Ainabkoi, Mzee hamkaribishi mkwewe chai kabla ya kumtembeza shamba. Ndivyo walivyo kule, mgeni huona shamba kwanza. Wanyama hufuata nyuma na viatu vyake vya ofisini, matope yakimnyonya, akisema, "Imeshika vizuri, Mzee. Imeshika vizuri kabisa." Na moyoni anaona haya, maana Mzee akija Kapsoya, yeye atamtembeza wapi? Kwenye kamba ya nguo?

Ndipo akasikia habari za uyoga. Kijana mmoja aliyekuja dukani kununua chokaa alimwonyesha mifuko ya plastiki iliyojazwa mabua ya ngano na mbegu za uyoga ndani yake, kila kitu tayari. Unatoboa tu mfuko, unaunyunyizia maji asubuhi na jioni, unavuna ukiwa umekaa nyumbani. Wanyama hakungoja kushawishiwa. Alinunua mmoja mkubwa, akaubeba mpaka Kapsoya ameukumbatia kama mtoto, akauweka kwenye kile kistoo. Kulikuwa na karatasi ya maelezo. Aliikunja akaiweka juu ya friji.

"Kwani husomi?" Naomi alimuuliza.

"Nisome nini? Mimi ni Mbukusu. Uyoga nimezaliwa nao."

Uongo huo haukuwa mkubwa. Kwao uyoga huliwa kweli, na mama yake alikuwa anajua kila kichuguu kinachoutoa mvua ikinyesha. Lakini ule wa mama yake ulijiotea wenyewe! Hakuna mtu Kimilili aliyewahi kuupanda. Wanyama alijua kuuchuma na kuula, basi. Akaongeza na la pili: kwamba kwao uyoga hautaki macho mengi, unatunzwa na mtu mmoja tu. Kweli mama yake alikuwa akiwakataza watoto kupiga kelele karibu na kichuguu, lakini hilo la mtu mmoja alilitunga papo hapo, kwa sababu alitaka kitu kiitwe chake. Naomi akaheshimu mila ya wenyewe. Hakufungua mlango ule tena.

Na uyoga ukachipuka, jamani! Vichwa vidogo vya kijivu vilijaa kwenye tundu la mfuko, Wanyama akachuchumaa pale akicheka peke yake. Alipiga picha, na jioni hiyo hiyo akampigia simu mkwewe. "Mzee, hata mimi sasa nimekuwa mkulima." Sauti ya Mzee ilifurahi mpaka ikamtisha. Akauliza unakula nini, huo uyoga. Wanyama akamwambia mabua ya ngano. "Ngano!" Mzee akasema. "Basi nitakuja kuona. Jirani yangu Mungai anashusha viazi mjini Jumamosi ya wiki ijayo, nitapanda pikapu yake."

Sasa sikilizeni kosa lenyewe. Ilikuwa mwezi wa saba, na baridi ya Eldoret mwezi wa saba mnaijua. Wanyama aliingia kistoo akakuta kumepoa, akaona huruma. Huko dukani huwa anawashauri wakulima jinsi ya kulea vifaranga: joto, joto, joto. Basi akafanya hivyo hivyo. Akaufunika mfuko kwa blanketi, akaleta jiko la makaa, akaliacha hapo mlango ukiwa wazi kidogo. Akafanya hivyo jioni baada ya jioni, akijiona baba mwema. Ile karatasi juu ya friji ilikuwa inasema uyoga unataka hewa safi na ubaridi, moshi usikaribie. Alipofunua blanketi vile vichwa vilikuwa vimekauka na kugeuka njano, na mfuko umeota ukungu wa kijani upande mzima. Harufu yake ilimrudisha nyuma.

Angeweza kumwambia Naomi. Naomi angemcheka mpaka ashike ukuta, halafu angempigia baba yake, na baba yake, ambaye amewahi kupoteza ngano nzima kwa ugonjwa, angesema pole, kulima ndiko huko. Wanyama mwenyewe alijua hivyo. Lakini alikumbuka kalamu yake ya sikioni, akakumbuka matope ya Ainabkoi, na mdomo ukakataa. Ijumaa akitoka kazini alipitia supamaketi akanunua uyoga wa aina ile ile, akauficha chini kabisa ya begi.

Jumamosi Naomi alipotoka kwenda kumpokea baba yake sokoni, Wanyama alijifungia kistoo. Aliugeuza mfuko, ule ukungu ukaangalia ukuta. Kisha akachukua vijiti vya meno, akawa anachoma shada moja moja la uyoga na kulisimamisha kwenye mfuko. Akanyunyizia maji ukang'aa. Mtu mzima, karani, mzee wa jumuiya kanisani! Na hata hivyo, aliposimama kutazama kazi yake, alijisikia fahari kidogo. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo kuliko yote.

Mzee Kipyego aliingia na gunia begani, amekataa kusaidiwa. Alilitua ukumbini. Lilikuwa limejaa mabua ya ngano, yamekatwa kwa panga vipande vidogo vidogo, na vidole vyake vilikuwa na malengelenge.

"Haya ni chakula cha uyoga wako," alisema. "Nimekata mwenyewe."

"Asante, Mzee. Karibu chai kwanza."

"Chai itangoja. Nionyeshe shamba."

Kistoo kile kinaingia watu wawili tu. Naomi alibaki mlangoni nyuma yao, simu mkononi, uso umemng'aa. Mzee aliinama, akatazama, akatikisa kichwa kwa furaha. "Kumbe inawezekana," akasema. "Bila ekari hata moja." Kisha akauliza kama anaweza kuvuna mwenyewe.

"Wacha mimi, Mzee, utachafuka," Wanyama akasema, sinia mkononi.

"Nichafuke nini? Mimi ni mkulima." Akashika shada la kwanza, akavuta. Likatoka jepesi. Na kijiti kikatoka nalo.

Mzee alikitazama kile kijiti. Halafu akamtazama Wanyama, uso kwa uso, karibu kabisa. Wanyama alitamani ngazi ile iwaangukie.

"Baba, geuka nikupige picha!" Naomi aliita.

"Picha baadaye," Mzee akajibu. Akajisogeza, mgongo wake ukaziba mlango. Akachomoa kijiti, akakitia kwenye mfuko wa koti, na uyoga akauweka kwenye sinia aliloshika mkwewe. Akavuta shada la pili, akachomoa, akatia mfukoni. Akavuna mashada yote hivyo, bila haraka, na Wanyama amesimama na sinia kama mtoto aliyeadhibiwa. Walipotoka, mgongo wa Mzee uliendelea kuziba mpaka mlango ukafungwa.

Naomi aliupika na vitunguu na maziwa lala, yale yaliyoganda. Mzee alikula, akaongezewa. "Ni mtamu, Chelimo," alisema. "Mume wako amejitahidi."

Jioni honi ya Mungai ilipolia, Wanyama alimsindikiza mkwewe mpaka getini. Alikuwa na hakika Mzee atataka arudishiwe gunia lake la mabua. Mzee hakuligusia. Basi Wanyama akakusanya nguvu. "Mzee, ule uyoga…"

"Sikuulizi kitu," Mzee akasema, macho yake yakiwa barabarani. "Nilishauliza zamani, nikajibiwa." Akapanda pikapu.

Aliporudi ndani, Naomi alikuwa anaosha vyombo akiimba. Akamkumbatia na mikono ya povu. "Umemwona Baba? Nilimwambia mimi! Nilimwambia wewe hujui kudanganya."

Hapo Wanyama akashindwa. Alikaa kwenye kile kigoda cha jikoni akamweleza yote, blanketi, jiko, supamaketi, vijiti. Naomi alisikiliza povu likimkauka mikononi. Hakupiga kelele, na Wanyama alitamani angepiga.

"Baba aliviona?"

"Aliviona. Aliviweka mfukoni ili wewe usivione."

"Halafu akakaa mezani kwangu akaniambia umejitahidi." Akajifuta mikono. "Maurice, baba yangu hajawahi kunidanganya. Tangu nizaliwe. Leo umemfanya anidanganye, na umri ule."

Walikuwa bado pale jikoni giza lilipoingia. Simu ya Naomi ikalia, Mzee alikuwa amefika. Naomi akaiweka spika, na sauti ya Mzee ikajaa jikoni, pamoja na ng'ombe wakilia kwa nyuma.

"Chelimo, nimefika salama. Mwambie Wanyama ule uyoga wake ulikuwa mzuri sana. Umesikia?"

Naomi alimtazama mumewe pale kwenye kigoda. Alifumba macho.

"Nimesikia, Baba. Ni kweli, aliutunza sana. Nitamwambia."

Akakata simu, akaiweka mezani taratibu. "Haya," akasema. "Sasa na mimi nimeanza."