Mwiko wa Duara

Kwenye machimbo ya Nyarugusu tulikuwa na mwiko mmoja ambao hakuna aliyethubutu kuuchezea: ukitoka kuzika, hushuki kwenye duara mpaka ziishe siku saba. Duara ndilo shimo letu la dhahabu. Tuliamini kwamba mtu aliyetoka makaburini huifukuza mali.

Mama alipofariki, mdogo wangu wa kike alinipigia simu asubuhi kutoka Bugarama. Nilikuwa nimekaa mdomoni mwa duara nikitafuna mihogo.

"Kaka, mama ametutoka. Tunazika kesho mchana."

Nikamwambia tumekaribia mwamba wenye mali, na nikienda kuzika nitawaharibia wenzangu. "Duara linanikataza," nilisema.

Akaitikia tu: "Haya, kaka."

Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Udongo wa kwanza ulikuwa wangu kuutupa. Aliutupa yeye.

Wenzangu walinipa pole, wakanisifu kwamba nina moyo wa kazi. Nikavimba kichwa, mjinga mimi. Kwa miaka mingi nilikisimulia kisa hicho kama mtu aliyejitoa mhanga, na wasikilizaji walitikisa vichwa kwa huruma.

Mwaka jana nilikutana sokoni Geita na mzee aliyekuwa msimamizi wa duara letu. Nilimwamkia, akaitikia, tukakumbushana ya zamani. Kisha akaniuliza bila ukali, "Hivi kwa nini hukwenda kumzika mama yako? Mimi nilimzika baba, nikakaa nje siku saba, nikarudi nikakuta nafasi yangu ipo."

Nililijua hilo. Siku zile saba ni mimi niliyekuwa nikimpelekea chai kibandani.

Nilirudi nyumbani kwa miguu na njia nzima nilijisikia vibaya. Nilikumbuka mara ya mwisho nilipokwenda kumwona mama. Alikuwa amekonda mpaka sikumtambua. Alinyoosha mkono nimshike. Nikajifanya simu inaita, nikatoka nje, nikapanda basi. Sikuaga. Mwiko haukunizuia kitu. Niliogopa tu, na mwiko ukanifaa.

Jumapili iliyofuata nilikwenda Bugarama. Nilimkuta mdogo wangu uani, anapukuchua mahindi. Nilikaa kwenye kigoda nikamweleza yote: simu ya uongo, basi, duara. Nilitegemea angalau anigombeze. Mikono yake haikusimama.

"Mama alijua, kaka. Siku ile ulipoondoka alituambia tusikuite tena. Alisema, 'Mwacheni ng'wana wane, mwanangu mimi. Huyo tangu mdogo anaogopa wagonjwa. Msimlazimishe akaja kujichukia.'"

Niliumia kuliko siku ya msiba wenyewe. Kile nilichohitaji miaka kukikiri, mama alikuwa amekijua tangu natambaa, na akakibeba akiwa mgonjwa, kwa ajili yangu.

"Sasa kama alikataza," nilimuuliza, "mbona wewe ulinipigia?"

Hapo ndipo aliponiangalia.

"Alikuwa ameshakufa, kaka. Nilidhani huna tena cha kuogopa."

Nilichukua hindi nikaanza kupukuchua naye. Nililia bila kujificha, na hakuniambia ninyamaze.