Kilemba cha Mama Mkwe

Wenyeji wa Brussels watakuambia kwamba vimbunga ni mambo ya kwenye televisheni, mambo ya watu wenye minazi. Mimi nimewapiga picha maharusi wa mji huu kwa karibu miaka kumi na tano, na nina maneno mengine. Nimeona upepo ukimvua bibi harusi shela mbele ya commune, ofisi ya serikali ya mtaa inayofungisha ndoa, na kuipeleka hadi kituo cha basi. Nimeona miavuli iliyopinduka imejaa kwenye mapipa ya taka asubuhi ya Jumamosi ambayo Ijumaa yake ilikuwa jua tupu. Kuanzia Oktoba hadi Machi nilisikiliza utabiri wa hali ya hewa zaidi kuliko nilivyosikiliza mahubiri. Wakitangaza tahadhari ya rangi ya njano, nafunga kamera kwa mfuko wa nailoni. Wakitangaza rangi ya chungwa, nampigia simu bibi harusi na kumwambia aongeze pini.

Hiyo ilikuwa kazi ya Jumamosi. Siku nyingine nilikuwa Uccle, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, nikiwaogesha na kuwavalisha soksi. Kamera yangu ya kwanza niliinunua mwaka 2002, kuukuu, kwenye soko la mitumba, nikajiandikisha masomo ya jioni. Mwalimu wetu alikuwa Mbelgiji mpole mwenye amri moja: picha ya harusi ni meno. Wachekeshe, alisema, wafanye wasahau kwamba upo. Nikamwamini, na kwa muda nikawa hodari wa kuwachekesha watu.

Tatizo ni kwamba mimi ni mtu wa Likasi, mji usio mbali na Lubumbashi, na nilijua vizuri kwamba kwetu bibi harusi hacheki. Siku ile anavaa uso mzito, macho chini, kuanzia anapotoka chumbani hadi gari linapoondoka. Binti anayecheka siku ya kuwaacha wazazi wake ni kama anawaambia: afadhali, mlikuwa mmenichosha. Nilijua, lakini nilidhani tukishavuka bahari mambo hayo yanalegea. Basi nikampiga picha bibi harusi mmoja akicheka vizuri sana, albamu ikatumwa nyumbani, na bibi yake akaigeuza ile picha kubwa ikatazama ukuta. Habari ilinifikia mtaa wa Chaussée de Wavre, dukani kwa muuza vitenge, mbele za watu. Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu siku ile nikawa natengeneza albamu mbili kwa kila harusi. Albamu ya huku ilikuwa na meno, busu na dansi. Albamu ya kule ilikuwa na nyuso za heshima, wazazi wamesimama wima, mikono imeshikana mbele. Wateja wangu wote walielewa bila kuelezwa. Waliokuwa wakihangaika ni maofisa wa commune. Mmoja alimtazama bibi harusi wangu aliyeinamisha kichwa, akamuuliza mara mbili kama kweli amekuja kwa hiari yake.

Harusi ninayotaka kuisimulia ilikuwa mwaka 2010, Novemba, ya binti mmoja muuguzi aliyekuwa akiishi Ixelles. Alikuja Ulaya kusoma akiwa na miaka kumi na minane, na kwa miaka tisa hakuwaona wazazi wake. Waliomba viza wote wawili, ikatoka moja tu, ya mama. Baba, mfanyakazi mstaafu wa reli huko Lubumbashi, mzee ambaye hata kicheko chake hupewa kwa kipimo, alibaki. Alimwagiza mkewe kitu kimoja: picha ya kuweka sebuleni, ya mtoto na mama yake pamoja, wamesimama kwa heshima, ili wageni wakiingia waone kwamba binti yake aliondoka kwao vizuri.

“Maman, ile foto njo harusi ya papa,” binti aliniambia wiki moja kabla, akiniita maman kama mwanamke yeyote wa umri wangu anavyoitwa kwetu. “Yee hatapata ingine.”

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nilikuwa nimeshapanga: commune asubuhi, kanisa saa saba mchana, kisha bustani saa tisa, chini ya miti, mwanga mzuri.

Rangi iliyotangazwa asubuhi ile ilikuwa ya chungwa. Tulipofika bustanini tukakuta utepe mwekundu na mweupe umefungwa langoni na mlinzi ameshika kofia yake kwa mikono miwili. Bustani zote za mji zimefungwa, alisema, matawi yanaanguka. Nilibishana naye. Nilimwambia nina mama aliyesafiri kutoka Afrika. Akaniambia kwamba matawi hayaulizi mtu ametoka wapi, na hapo alinishinda. Niliulaani ule upepo kwa lugha zote ninazozijua, lakini dua la kuku halimpati mwewe.

Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Niliwarudisha wote kwenye magari tukaenda Chaussée de Wavre, ambako palikuwa na ukuta mmoja mweupe niliokuwa nikiutumia siku za mvua, ubavuni mwa duka la kufulia nguo. Nilimsimamisha mama katikati. Alikuwa amevaa kitenge cha buluu, na kichwani kilemba cha kitambaa hichohicho, kirefu, kimetiwa wanga kikasimama. Binti upande wake wa kulia, uso mzito kama inavyotakiwa. Bwana harusi nilimweka pembeni, hatua mbili kutoka kwa mama mkwe wake, kwa sababu kwao mkwe hamkaribii mama mkwe ovyo, hamshiki mkono, wala hagusi nguo yake. Alikuwa kijana mrefu, fundi wa lifti, na siku nzima alimpitia yule mama mbali, kama mtu anayezunguka moto wa mkaa.

“Musitingishike,” nikasema. “Maman, kidevu juu kidogo.”

Upepo ukaja kutoka kwenye kona. Ulimvua mama kilemba chote kwa mkupuo mmoja, ukakikunjua hewani, ukakibandika usoni mwa mkwe.

Na yule kijana hakukitoa. Nataka mwelewe hili vizuri. Mtu mwingine yeyote duniani angekivuta na kukirudisha. Yeye alibaki amesimama, mikono imeinuliwa pembeni kama mtu aliyeelekezewa bunduki, kilemba cha mama mkwe wake kimemfunika uso mzima, upepo ukikikandamiza kiasi kwamba pua ilionekana umbo lake. Kukigusa hawezi, kukaa nacho hawezi.

“Maman,” sauti ikatoka ndani ya kitambaa, “pardon, maman. Nifanye je?”

Binti alipasuka. Kichwa nyuma, mdomo wazi, meno yote thelathini na mawili nje. Na mama yake, kichwa wazi, mvi zake na nywele zilizosukwa zinaonekana na barabara nzima, mkono mmoja utosini, alicheka hadi akamshika binti kiuno asianguke. Kidole changu kilibonyeza chenyewe. Mwalimu wangu wa jioni angefurahi.

Baada ya hapo sikupata kitu tena. Mama alifungwa upya kilemba ndani ya duka la kufulia, tukajaribu mara kumi, na kila mara binti aking'ata midomo macho yake yanamwangukia mumewe, basi, kicheko upya. Kisha mvua ikashuka. Ukumbini taa zilikuwa za zambarau, kila mtu alionekana kama amepakwa wino. Kanisani na commune mama alikuwa ameketi nyuma. Jumapili nilipopitia picha zote, moja moja, nilikuta mama na binti wamo pamoja kwenye picha moja tu inayofaa, ile ile.

Binti alinipigia simu mchana huohuo. Nilipomweleza, nikasikia analia.

“Papa asiione, maman. Tafazali. Atasema neuf ans, miaka tisa yote, sikumuona, na siku ya kuolewa nacheka. Atasema nilisha kumusahau.”

Kweli ilinichoma. Mimi ndiye niliyemwambia asiwe na wasiwasi. Basi nikafanya jambo ambalo sikuwahi kulifanya na sikulirudia. Nilikaa kwenye kompyuta Jumapili ile hadi usiku wa manane, na Jumatatu baada ya kazi. Nikachukua uso mzito wa binti kutoka kwenye picha ya commune nikaupandikiza juu ya shingo yake. Nikachukua kilemba cha mama kutoka picha ya asubuhi nikamvika, na mdomo wake nikaufumba. Bwana harusi nilimfuta kabisa. Nikaichapa kubwa. Nilijisifu, nisiwe mnafiki: ilikuwa kazi safi.

Jumatano nikaipeleka Ixelles, kwenye fleti ya binti, mama akiwa anafunga masanduku kwa safari ya kesho yake. Binti aliitazama, akashusha pumzi, akanibana mkono. Mama akaipokea, akavaa miwani, akaketi nayo kitandani. Akapitisha kidole shingoni na begani mwa binti.

“Maman photographe,” akasema, “huyu ni nani?”

“Ni mutoto yenu, maman.”

“Hapana. Mutoto yangu akihuzunika, bega inashukaka. Ona. Uso inalia, lakini shingo inacheka. Na miye unanifunga kinywa sawa na muntu alisha kufa.” Akaniangalia juu ya miwani. “Ile ya kweli iko wapi?”

Njia ya mwongo ni fupi. Nilifungua kompyuta nikamwonyesha. Binti alianza kujieleza, papa hivi, papa vile, bon, tulitaka tu. Mama alimnyamazisha kwa kidole. Aliitazama ile picha, mvi zake, kijana wa watu amefunikwa uso kama kiti cha ukumbini, na bega lake likaanza kutikisika upya kwa kicheko.

“Hii njo nitabeba.”

“Na papa, maman?” binti akauliza. “Akikasirika?”

“Akasirike. Miye sitamupelekea mutoto wa bandia.”

Akaondoka nayo Alhamisi, katikati ya masweta, ndani ya bahasha ngumu. Ile nyingine niliichana mwenyewe.

Kisha kukawa kimya. Wiki ya kwanza binti alinipigia kuniuliza kama nimesikia chochote, utadhani mimi ndiye ninayeishi Lubumbashi. Mama alikuwa amefika salama, picha alimkabidhi mzee, mzee aliitazama, akairudisha kwenye bahasha bila neno. Wiki ya pili binti hakupiga tena, na hilo lilinitia hofu zaidi. Niliwaogesha wazee wangu huku akili ikiwa kwingine, hadi bibi mmoja akaniuliza ni nani amekufa. Nilikuwa na hasira na upepo, na mama yule na ukweli wake, lakini zaidi na mimi mwenyewe. Nilijiona nimemharibia mtoto wa watu kitu kisichokuwa na cha pili.

Wiki ya tatu nilikuwa kituoni Uccle nikingoja basi, mvua ya kawaida tu, simu ikalia na namba ndefu ya kwetu.

“Allô? Ni maman photographe?” Sauti ya mzee, nzito, ya mtu anayesema kwa sauti kubwa kwa kuwa ni mbali. “Miye njo baba ya bibi harusi.”

Nikamwamkia kwa heshima zote, nikaanza kuomba radhi, nikamweleza habari za bustani na utepe na matawi.

“Ngoja, ngoja. Alors, ule bwana mwenye foulard ku uso, njo mukwe wangu?”

“Ndiyo, papa.”

“Juu ya nini hakuitosha, hakuitoa ku uso?”

“Aliogopa, papa. Ilikuwa kitambaa ya mama mukwe wake.”

Nikasikia kitu kama kikohozi, kikarudi tena, na nikatambua kwamba mzee anacheka.

“Ni muntu wa heshima,” alisema. “Bon. Iyo ni muzuri.”

Akasafisha koo. Sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya chini, hata nikabana simu sikioni kwa sababu ya magari.

“Sikia, maman. Nilikasirika. Sitakudanganya. Lakini kila siku naitoshaka mu enveloppe, naiangalia, nairudisha. Neuf ans yote namuulizaka ule mutoto mu telefone: unakulaka? Unalalaka muzuri? Ananijibu: ça va, papa, niko muzuri. Kila dimanche, kila Jumapili, ça va. Muntu mwenye kusema ça va kila siku, baba yake atajua nini?”

Machozi yalikuwa yananitoka palepale, na basi langu likaja likaondoka.

“Sasa nimemuona,” akasema. “Muntu mwenye iko na taabu hawezi kucheka vile, hata umulipe. Basi umuambie. Dimanche akipiga, asiniambie tena ça va. Anieleze kitu yenye ilimuchekesha.”