Nilisema Alternateri Ni Nzima

Ndugu zangu munaosoma, munitukane tu. Nimestahili. Mimi ndiye niliyeivunja nyumba ya mudogo wangu wa damu, na niliivunja nikiwa na akili zangu timamu, mbele ya watu, mukononi nimeshika kitambaa cha grisi. Jina langu sitalitaja. Wa Kasongo wakisoma watanijua, na wanijue!

Mimi niko fundi wa umeme wa magari. Mume wa mudogo wangu nitamuita Sumaili, ingawa si jina lake. Alikuwa shofere wa gari moja kuukuu ya jipu, ya dizeli, ya kubeba chumvi, sabuni na vitambaa kutoka Kasongo mupaka Kabambare. Barabara ile, hata pikipiki inaililia, lakini Sumaili alikuwa anaipita akiimba. Jipu ilikuwa inalala uani kwa patro wake, mwenye mali, ila funguo iko kwa Sumaili. Alikuwa anaaminiwa.

Siku moja alternateri ikaharibika. Ni ile mashini inayozungushwa na motere ili ilishe batri. Nilipoifungua nikakuta diodi moja imeungua. Diodi ni kidude kidogo, kinafanya kazi kama valvu ya tairi: kinaacha umeme uingie kwenye batri, kinauzuia usirudi. Mupya sikuwa nayo. Nikachomoa moja katika alternateri iliyokufa zamani, iliyokuwa kwenye rundo la vyuma vyangu, nikailehemu. Sikumuambia mutu. Jipu ikawaka, batri ikalishwa vizuri, wakanisifu.

Haikupita muda, batri ikaanza kufa. Jioni gari inaingia nzima, asubuhi ukizungusha funguo, kimya! Watu wanasukuma. Patro akanunua batri ingine, nayo ikafanya vile vile. Akaniita.

Tulisukuma jipu ikawaka, nikaweka mashini yangu ya kupima volti. Kumi na nne na kitu. Vizuri kabisa! Lakini nilipima motere ikiwa inanguruma. Ikiwa imezimwa sikupima. Hata kidogo.

Sumaili akanivuta kando. Alikuwa mutu wa sauti ya chini, hasa akiongea na mimi, kaka wa muke wake.

"Shemeki," akasema, "leo asubuhi, kabla hawajasukuma, nilishika alternateri. Iko na joto. Gari imelala usiku muzima. Sasa lile joto linatoka wapi?"

Aka! Nilijua pale pale. Diodi yangu ya kuokoteza ilikuwa haifungi. Motere ikizimwa, umeme ulikuwa unarudi nyuma polepole, batri inajimwaga ndani ya alternateri mupaka asubuhi. Ilitosha kufungua ule waya munene wa alternateri jioni moja tu, halafu kuangalia asubuhi kama batri iko nzima. Kazi ndogo kabisa, na vyombo nilikuwa navyo.

Unajua nilimujibu nini? Nilicheka.

"Shemeki, wewe endesha. Mambo ya umeme niachie mimi."

Patro akasogea. Wapakiaji walikuwa wamekaa juu ya magunia, wote masikio wazi. Akaniuliza kwa heshima, hilo ndilo linaloniuma mupaka leo, aliniuliza kwa heshima: "Fundi, sitaki kumulaumu mutu bure. Si ile alternateri uliyotengeneza wewe?"

Ningesema ndiyo. Angenuna siku mbili, ningebadilisha kile kidude, tungekunywa chai, ingekwisha. Lakini niliwaza wateja wangu. Niliwaza yule fundi mwingine wa kule sokoni, vile atakavyonicheka. Nikasema:

"Alternateri ni nzima. Kuna mutu anakula batri yako ukiwa umelala."

Hakuna aliyeuliza ni nani. Funguo iko kwa nani? Na ndani ya jipu mulikuwa munaning'inia waya wa kusharji simu. Ulikuwa wa Sumaili, wa simu yake mwenyewe, ya njiani. Lakini muji wetu munaujua, kila mutu anatafuta pa kusharji simu, basi hadithi ikajiunga yenyewe: Sumaili anauza umeme wa patro wake! Sumaili hakupiga kelele. Aliniangalia mimi tu.

"Shemeki, sema."

Niliinama nikapanga spana zangu. Wallahi, niliinama!

Akafukuzwa pale pale. Jioni mudogo wangu akanijia mbio, nguo ya kichwa mukononi. "Yaya," ndivyo anavyoniita mimi kaka yake, "ni kweli?" Alikuwa ananiamini kuliko mutu yeyote, maana mimi ndiye niliyemulea baada ya wazazi wetu kuondoka duniani. Nikamuambia, "Mudogo wangu, mashini ya kupima haina urafiki na mutu." Maneno matamu, eti! Alirudi nyumbani, na tangu siku ile akaacha kuongea na mume wake.

Sasa sikiliza uovu wangu mwingine. Shofere mupya alipoingia, batri ikaendelea kufa. Nikaogopa. Nikamuambia patro nataka kusafisha alternateri, vumbi limejaa. Nikatia diodi mupya. Batri haikufa tena hata siku moja. Na watu wakasema nini? "Munaona! Mwizi ametoka, batri imepona!" Nilisikia kwa masikio yangu. Nilikula sifa ile na nikaimeza.

Hakuna aliyempa Sumaili usukani tena, Kasongo wala Kabambare. Mikono yake ilijua gari tu. Akaenda Lusangi, kwenye mashimo ya zahabu, kuchimba na wageni waliotoka kila upande. Mvua ilinyesha, shimo likaporomoka. Walimuzika kule kule. Mudogo wangu hakuuona hata uso wake.

Wakati wote wa kilio nilikaa na wanaume, napokea pole. Mimi!

Niliendelea kunyamaza. Ningenyamaza mupaka leo. Lakini mudogo wangu alipomaliza eda aliniita kwake. Nilimukuta uani, anachagua mawe katika muchele. Akaniambia:

"Yaya, naomba unisindikize kwa patro. Nataka nimupigie magoti amusamehe marehemu ile haki yake aliyoiba. Nisipofanya hivyo atalalaje kule aliko?"

Nilishindwa. Yarabi, nilishindwa! Kumupigia magoti mutu ambaye marehemu hakumuibia hata kijiko! Nikakaa chini kwenye vumbi, nikamuambia yote. Diodi, joto la asubuhi, "Shemeki, sema," vumbi la uongo nililosema nasafisha. Yote.

Hakulia. Mikono yake iliendelea kuchagua mawe. Nilitaka anipige, anitemee mate. Halafu akaongea, bila kuniangalia:

"Asubuhi ile ya kwenda Lusangi alisimama mulangoni. Alisema, 'Mama Mwajuma, nakwenda.' Nilikuwa nasonga bugali. Nilisikia, sikuitika. Akarudia tena, 'Mama Mwajuma, mimi nakwenda.' Nikampa mugongo, maana wewe uliniambia ni mwizi." Akatupa jiwe moja pembeni. "Sasa wewe nenda Lusangi, yaya. Nenda ukamuitikie."

Akabeba ungo wake akaingia ndani.

Nilikwenda kwa patro, nikamuambia mbele ya wapakiaji wale wale. Alishika kichwa akauliza mara ngapi nilipita mbele yake nikimusalimia, na uongo huo moyoni. Baada ya sala aliwaambia watu musikitini kwamba marehemu hakuwa mwizi. Ni vizuri. Mwajuma, mutoto wa Sumaili, atatembea kichwa juu. Lakini Sumaili hakusikia, na hilo hakuna fundi wa kulitengeneza.

Nilikwenda Lusangi pia. Walinionyesha kilima cha udongo. Nilisimama pale muda murefu, nikaita jina lake kama mwenda wazimu, wachimbaji wakaniangalia.

Fundi mwenzangu unayesoma, nakuomba. Gari ikikufia asubuhi, usitafute mwizi kwanza. Zima motere, shika alternateri kwa mukono wako, pima tena. Na ukigundua ubaya umetoka kwako, sema siku ile ile! Ona haya, chekwa, poteza wateja, watarudi. Na wewe muke au mume, ukiletewa habari ya mwenzako, hata na kaka yako, muulize mwenzako kwanza, umusikilize mupaka mwisho.

Mudogo wangu anapita mbele ya garaji yangu kila siku ya soko, kikapu kichwani. Kila mara natoka barabarani namuita, "Mama Mwajuma!" Watu wote wanageuka. Yeye anaendelea kutembea.