Maji ya Jumanne

Mwezi uliopita nilipanda kijijini kwetu, juu ya Bigwa, kwa Misa ya mavuno. Magoti yangu siku hizi hayapendi mlima, kwa hiyo nilifika nimechelewa nikaketi benchi la nyuma. Mbele, akiongoza sala bila karatasi, alisimama mwanamke wa umri wangu ambaye tulikua naye jirani kwa jirani. Kanisa zima lilimsikiliza. Basi wivu ukanikamata, rafiki yangu, uleule wa utotoni. Nimefundisha dini miaka mingi, nasali rozari kila siku, na bado nilikaa pale nikitamani akosee neno.

Ngoja nikueleze ulikoanzia.

Nililelewa na bibi, mzaa mama, kwenye shamba la ukoo wake. Matuta yetu yaliteremka mlimani kama ngazi: kabichi, karoti, njegere, na chini kabisa migomba. Asubuhi ukungu ulikuwa mzito kiasi kwamba ulimsikia mtu akikohoa kabla hujamwona. Tulikunywa chai ya mchaichai kwa ndizi za kuchemsha, kisha kila mtoto akashika kazi yake. Yangu ilikuwa mfereji.

Maji yalitoka kwenye kijito cha juu, yakapita kwetu kwanza, ndipo yakafika kwa jirani. Jumatatu na Alhamisi yalikuwa yetu. Jumanne na Ijumaa yalikuwa yao. Siku yao ikifika nilipaswa kuziba mdomo wa matuta yetu kwa udongo na maganda ya mgomba, ili maji yashuke. Hakuna aliyesimamia. Wa chini alimwamini tu wa juu.

Binti wa jirani alikuwa rika langu. Kila mwaka, kabla ya Jumapili ya mavuno, katekista alipita mashambani kuchagua shamba lililotunzwa vizuri kuliko yote, na mtoto wa shamba hilo ndiye aliyetangulia maandamano na kikapu cha mboga hadi altareni. Miaka mitatu mfululizo alikuwa yeye. Alitembea taratibu na gauni lake jeupe, kana kwamba kikapu hakina uzito. Nilimchukia hata kwa ile mikogo ya kutembea.

Mwaka wa nne nikaanza kuziba vibaya. Sikuacha wazi kabisa. Niliacha upenyo wa kiganja. Maji ya Jumanne yakawa yanaingia kwetu kimyakimya, na ya Ijumaa pia. Kabichi zetu zikafunga, zikawa ngumu kama mawe. Njegere za jirani zikageuka njano zikiwa bado na maua. Katekista alipopita alisimama kwetu muda mrefu, akamwambia bibi, "Mwaka huu kikapu ni cha mjukuu wako."

Usije ukamdhania bibi yangu mtakatifu. Alinusa ugoro hata kanisani, alipenda pombe ya ndizi, na mdomo wake uliogopwa hadi kijiji cha pili. Yeye na jirani walikuwa hawasalimiani kwa ugomvi wa mpaka ulioanza kabla sijapata akili. Wakati wa kutakiana amani aliinama akijifanya anatafuta ugoro mpaka jirani apite. Ushindi wa kikapu aliufurahia kuliko mimi. Alifua gauni langu mara mbili, akazunguka nyumba kwa nyumba akitangaza.

Ijumaa ya wiki ile alishuka kuchagua kabichi za kikapu. Miguu yake ikazama kwenye matope. Akatazama mfereji, kisha akanitazama mimi.

"Leo maji ya nani?"

Aliketi ukingoni mwa tuta, akanusa ugoro. Nilijua anachopima. Akikaa kimya, kikapu ni chetu na hakuna atakayejua. Mwishowe akajifunga khanga kiunoni. "Twende."

Jirani alikuwa mlangoni kwake akichambua maharage.

"Shikamoo, mama. Leo umepotea njia?"

"Marahaba. Sijapotea. Maji yako yamelala kwangu, mwanangu. Huyu kayaiba, na mimi nimejisifu kwa kabichi zake."

"Najua."

"Unajua, na umenyamaza?"

"Ningekuja kusema, ungenitukana."

Bibi akafikiri kidogo. "Ningekutukana kweli," akasema, na wote wawili wakaangua kicheko. "Nisamehe. Kabichi za matuta ya chini ni zako, na kikapu abebe binti yako."

Jumapili binti alibeba kabichi zetu, kwa mikogo ileile. Nililia kwa hasira, wala si kwa toba.

Wale wanawake hawakugeuka malaika. Kabla ya Noeli walishagombana tena, safari hiyo kwa sababu ya kuku. Lakini kila mara bibi alikwenda kuomba radhi, akinung'unika njia nzima, na jirani naye vivyo hivyo. Baadaye nilisoma mengi mazuri juu ya kumfuata Kristo. Hakuna kitabu kilichonifundisha kama manung'uniko yale.

Ila angalia: aliyeomba radhi alikuwa bibi. Mimi sikuwahi kusema neno.

Baada ya Misa nilimsubiri mwenzangu nje. "Dada," nikaanza, "lile jambo la maji..."

"Ya Jumanne," akadakia. "Na Ijumaa, usisahau."

"Nisamehe."

"Nilishakusamehe tukiwa watoto. Nilikuwa nakusubiri tu uje mwenyewe. Nikawa nasema, huyu mwalimu wa dini atafika lini?" Akanishika mkono. "Haya, twende ukale."

Njiani tulipita palipokuwa na mfereji. Majani yameufunika. Siku hizi kila nyumba ina mpira wake wa plastiki kutoka kijitoni. Hakuna anayemwibia mwenzake, na hakuna anayelazimika kumwamini wala kumwendea mlangoni. Niliwaonea wivu wale wagomvi wawili, waliokwisha kulala makaburini.

Na mwenzangu pia namwonea wivu. Nilishuka mlima nikiwa nimesamehewa, huku moyo ukinichoma vilevile: alinisubiri miaka yote hiyo bila kinyongo, na mimi, ningekuwa yeye, nisingeweza.