Mama Alipopanga Nyumba Lucca

Mimi ni fundi wa vito. Nachonga mifupa ya ng'ombe na kufua shaba katika karakana moja ya Sarang'ombe, Kibera, na kazi hiyo ndiyo iliyonifikisha Italia. Nilialikwa kuonyesha bangili na vipuli vyangu kwenye maonyesho ya mafundi mjini Lucca, mji wa kale uliozungukwa na ukuta mnene. Waandalizi walinipa chumba cha hoteli chenye kitanda kimoja. Niliwashukuru, nikakikataa. Wenzangu karakanani waliona nimechizi.

“Yaani hoteli ya bure unaikataa?” mmoja akaniuliza.

Nilitaka kwenda na mama yangu, na nilitaka tukae katika nyumba. Mama alikuja Nairobi kutoka upande wa ziwani akiwa bado msichana, akafiwa na mume mapema, akanilea Kabiro, kule Kawangware, kwa samaki aliokaanga kando ya barabara. Chumba chetu cha mabati kilikuwa jiko, sebule na malazi, na pazia tu ndilo lililotenganisha kitanda na jiko. Hata nilipohamia Makina, karibu na karakana, na kuanza kujitegemea, alikataa kutoka pale. Alisema ameshazoea majirani.

Nilipomweleza kwamba nimepata nyumba ya wiki moja, yenye vitanda, meza na sufuria ndani, alinigeukia.

“Na mwenye vitu ameenda wapi?” akauliza.

Nikamwambia hiyo ni biashara, mtu anaiweka nyumba tayari, wageni wanapanga. Akauliza kama hata vijiko vimo. Nikasema hata vijiko. Akatikisa kichwa, akasema huyo mwenye nyumba ana moyo.

Mwenye nyumba alikuwa mwanamke mzee, mfupi, aliyeishi chini kabisa ya jengo lile la mawe. Alizungumza Kiingereza cha kuokoteza, nami nikawa mkalimani. Alitupandisha ngazi hadi juu, akatuonyesha vyumba viwili vya kulala vyenye dari za mbao nyeusi, jiko lenye vigae vya buluu, na bafu lenye hodhi kubwa la kujilaza ndani. Mama alisikiliza yote kwa adabu, kisha akaniambia niulize maswali yake. Choo ni cha watu wangapi? Mlango wa nje hufungwa saa ngapi? Maji hukatika siku gani?

Nilitafsiri nikiwa na haya kidogo. Mzee wa watu alijibu moja baada ya jingine. Choo ni chenu peke yenu. Mlango mna ufunguo. Maji hayakatiki. Mama akamshukuru kwa mikono miwili. Yule mzee alipotoka tu, Mama akavua viatu, akakunja mikono ya gauni, akajaza maji kila sufuria, kila beseni, hatimaye na lile hodhi lote hadi juu. Nikamwambia, “Mama, ameshasema hayakatiki.” Akasema amesikia. Wiki hiyo tukawa tunaoga kwa kopo kama tuko Kabiro, na kila tulipochota, alijaza tena.

Katikati ya wiki, asubuhi nikijiandaa kwenda kwenye maonyesho, bomba lilikohoa, likatema hewa, likanyamaza. Bomba kubwa la mtaa lilikuwa limepasuka. Tulisikia milango ikifunguliwa kwenye ngazi, watu wakiulizana kwa sauti. Mwenye nyumba akapanda hadi kwetu akihema, uso umemshuka, akaanza kuomba radhi kwa lugha zote mbili. Alisema mafundi wameitwa lakini huenda wakamaliza jioni, na maduka ya karibu yameishiwa maji ya chupa.

Mama hakungoja nitafsiri yote. Alimshika mkono, akampeleka bafuni. Yule mzee akasimama akiyatazama maji yale.

“Mwambie awaite wenzake waje na sufuria,” Mama akasema.

Wakaja. Alikuja mwanamke aliyebeba mtoto mchanga, wakaja wanafunzi wawili, akaja bwana mmoja aliyevaa suti akiwa na ndoo ya kupigia deki. Mama alisimama mlangoni mwa bafu na kopo mkononi. Aliwapanga foleni kwa ishara tu. Mwenye suti alijaribu kupita mbele, akarudishwa taratibu kwa kiganja kifuani, nyuma ya mwenye mtoto, naye akatii akitabasamu. Kila mmoja alipata, na hakuna tone lililomwagika sakafuni. Mimi nilikuwa nimechelewa, lakini sikuondoka. Nimewahi kupigiwa makofi kwa ajili ya kazi yangu, na bado sijajisikia kama nilivyojisikia pale nje ya bafu, nikimwangalia mama yangu akigawa maji katika nyumba ya watu kama ni ploti yake mwenyewe ya vyumba vya kupanga.

Walipokwisha, mwenye nyumba aliuliza Mama alijuaje kwamba maji yatakatika.

“Mwambie nimekuwa mpangaji maisha yangu yote,” Mama akasema.

Nilipotafsiri, yule mzee alicheka hadi akakaa kwenye kiti. Akatueleza kwamba hata yeye alilelewa kwa maji ya kisima cha uani, katika jengo hilo hilo, na mama yake alikuwa wa kwanza kuamka ili apate. Jioni ile maji yaliporudi, alituletea unga wa mahindi wa manjano, ule wanaoupikia uji mzito. Mama akausonga mpaka ukawa ugali wa kukatwa kwa mkono, akakaanga samaki, nao wakala pamoja wakizungumza, kila mmoja kwa lugha yake. Waliponiita nitafsiri, nilikuta hawanihitaji sana. Kesho yake yule mzee alikuja kwenye maonyesho na majirani watatu wa jengo la pili. Walisimama mbele ya meza yangu, nilipokuwa nimekaa na Mama, akamtambulisha kwao, mkono begani, kama mpangaji wake kutoka Kawangware. Si kutoka Afrika, si kutoka Kenya. Mama ndiye aliyekuwa amemfundisha kulitamka jina hilo.

Asubuhi ya mwisho nilimkuta Mama ameketi dirishani, akitazama mtaa mwembamba chini, watu wakifungua maduka. Halafu, bila kugeuka, akaniambia tukirudi nimtafutie nyumba.

Nikamuuliza ya namna gani.

“Ya ghorofani. Iwe hapo hapo Kawangware, ila dirisha liangalie barabara.”

Miaka yote nilikuwa nimembembeleza ahame, bure. Nilikaa kwenye ukingo wa kitanda nikaanza kumkunjia nguo zake. Tuliipata kabla mvua za masika hazijaanza, vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, juu ya kinyozi. Siku ya kuhama, wanawake wa ploti ya Kabiro walikuja kumbebea vyombo, wakapanda ngazi wakiimba, naye akatangulia mbele yao akiwa ameshika ufunguo.